London hadi Johannesburg: Umbali Hupimwa kwa Nini?



Wiki iliyopita nilipita kwenye kijiwe kimoja cha kahawa Kariakoo. Kahawa ilikuwa ya moto, na ubishi ulikuwa wa moto zaidi. Kijana mmoja aliyerudi karibuni kutoka Johannesburg alikuwa akisema kwamba kutoka mji ule hadi London kwa ndege ni saa 11. Mzee mmoja mwenye kofia ya vito akamkatalia katakata.

"Mwanangu, usitudanganye. Makaburu walikuwa wakiitembea safari hiyo kutwa na kucha."

"Mzee wangu, shikamoo yako naiheshimu, lakini mimi nimekaa palepale uwanjani nikaangalia ubao. Ndege inaondoka usiku, asubuhi watu wako Ulaya."

Mzee akacheka, akageuka kunitazama mimi. "Huyu hapa mtu wa redio. Yeye atuamulie."

Siku hiyo sikuamua. Niliomba muda, maana mwamuzi mwenye haraka huwafurahisha wote na hukosea kwa wote. Leo nimekuja na jibu langu, nalo ni kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Itawezekanaje? Miji haijahama. London iko pale ilipokuwa na Johannesburg iko pale ilipokuwa. Hebu tuifuate safari hii tangu mwanzo, tuone jinsi umbali mmoja ulivyoweza kuwa siku 45, kisha siku 10, kisha siku moja, kisha ukarefuka tena bila dunia kutanuka hata inchi moja.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo. Chukua chungwa na uzi. Shika ncha moja ya uzi palipo London, na ncha nyingine palipo Johannesburg, kisha vuta uzi ukaze. Njia hiyo ya uzi ndiyo fupi kuliko zote juu ya dunia iliyo duara. Kwa kipimo hicho, kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa Johannesburg ni kilomita 9,000 na kidogo. Ndege ya siku hizi, inayokwenda kiasi cha kilomita 900 kwa saa ikiwa hewani, inahitaji saa 10 za mwendo. Ongeza muda wa kupanda, kushuka, kukwepa mawingu mabaya na kupanga foleni ya kutua, unapata zile saa 11 za yule kijana. Hiyo ndiyo hesabu ya uzi na chungwa.

Lakini ndege haifuati uzi. Ndege hufuata mafuta, viwanja, upepo na ruhusa. Historia ya safari hii ni historia ya mambo hayo manne, na hilo la mwisho ndilo lililompa mzee wa Kariakoo ushindi wake.

Turudi nyuma, Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha. Waingereza walijikuta wanatawala nchi zinazopakana moja baada ya nyingine kutoka Misri hadi rasi ya kusini, pamoja na Tanganyika iliyotoka mikononi mwa Wajerumani. Jeshi lao la anga likatuma vikosi vitatu vya wapimaji kutafuta mahali pa kutua kati ya Cairo na Cape Town. Ndege za wakati ule zilikuwa za mbao na vitambaa, mafuta yake hayakufika mbali, hivyo kila baada ya kilomita mia kadhaa palihitajika kiwanja.

Hapa nataka tusimame kidogo. Vitabu vya usafiri wa anga vimejaa majina ya marubani. Lakini viwanja vile havikusafishwa na marubani. Vilisafishwa na vibarua wa Kiafrika kwa majembe, mashoka na vikapu. Kazi nzito kuliko zote, hasa katika nchi ambayo leo ni Zambia, ilikuwa ni kubomoa vichuguu. Anayekijua kichuguu cha mchwa cha huko bara anajua kwamba kinaweza kuwa kikubwa kuliko nyumba, na udongo wake ni mgumu kama saruji. Watu walivibomoa kwa mikono, wakabeba udongo kichwani, wakasawazisha ardhi, ili eropleni ambayo hawakupata kuiona ije itue siku moja. Majina yao hayakuandikwa. Ukisikia mtu akisema kwamba njia ya anga ya Afrika ilifunguliwa na marubani wawili au watatu mashujaa, mwongezee na hao.

Tarehe 4 Februari 1920, marubani wawili kutoka Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Brooklands karibu na London wakiwa na ndege aina ya Vickers Vimy waliyoipa jina la Silver Queen. Ndege hiyo iliharibika Korosko, kusini mwa Misri, kando ya Mto Nile. Wakapewa ya pili. Hiyo nayo ikaanguka Bulawayo, ilipojaribu kuruka ikashindwa kupanda. Serikali ya Afrika ya Kusini ikawapelekea ya tatu, ndogo zaidi. Wakaingia Cape Town tarehe 20 Machi. Walikuwa wametumia siku 45, lakini saa walizokuwa hewani hazikuzidi 110. Zilizobaki zilikwenda katika kutengeneza, kungoja na kuokoka.

Wasikilizaji, shikeni tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha mazungumzo yetu. Muda wa kuruka ni kitu kimoja na muda wa safari ni kitu kingine. Ukiniuliza ndege inaruka saa ngapi, nitakujibu kwa hesabu. Ukiniuliza mtu anasafiri muda gani, itabidi nikuulize kwanza: mtu gani, mwaka gani, na kwa ruhusa ya nani?

Tarehe 28 Februari 1931, shirika la Waingereza la Imperial Airways lilianzisha huduma ya kila wiki kutoka Croydon, London, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Naam, Mwanza yetu. Kwa muda, jiji lile la miamba lilikuwa ndicho kituo cha mwisho cha ndege kutoka Uingereza. Mwaka uliofuata, 1932, njia ikafunguliwa hadi Cape Town kwa kupitia Johannesburg.

Safari yenyewe ilikuwa kama hadithi ya Abunuwasi. Abiria alipanda ndege London hadi Paris. Hapo akashushwa, akapanda gari moshi hadi Brindisi, kusini mwa Italia. Hapo akapanda ndege inayotua majini, akavuka Bahari ya Kati hadi Alexandria. Akapanda gari moshi tena hadi Cairo. Akapanda ndege ya nchi kavu hadi Khartoum. Akabadilisha, akapanda ndege ya majini kuufuata Mto Nile hadi Kisumu. Akabadilisha tena, akaendelea kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill ambayo leo ni Kabwe, Salisbury ambayo leo ni Harare, Bulawayo, halafu Johannesburg. Usiku hakuruka. Alilala hotelini, akaamshwa alfajiri. Njia nzima hadi Cape Town ilichukua siku 10 au 11. Kwa meli ilikuwa zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo aliyekuwa na pesa alijiona amepaa kweli.

Na aliyekuwa na pesa alikuwa nani? Hilo halihitaji kipaza sauti. Ndege zile zilibeba barua za serikali, maofisa, wafanyabiashara na matajiri wachache. Watu wa Dodoma, Moshi na Mbeya walizisikia zikinguruma, wakatazama juu, wakarudi mashambani. Umbali kati ya London na Johannesburg ulikuwa umefupishwa, lakini haukuwa umefupishwa kwa ajili yao.

Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini. Ziliondoka Southampton na kwenda hadi Durban, zikitua kwenye maji njia nzima: kwenye Mto Nile, kwenye Ziwa Victoria huko Port Bell na Kisumu, kisha zikageukia pwani. Mombasa zilitua. Dar es Salaam zilitua bandarini. Lindi zilitua. Zikaendelea Msumbiji hadi Beira, Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo, na mwisho Durban. Leo ukimwambia kijana wa Lindi kwamba mji wake ulikuwa kituo kwenye njia ya ndege kati ya Uingereza na Afrika ya Kusini, atadhani unamtania. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mji ulipata heshima hiyo kwa sababu ndege haikuweza kuruka mbali bila kujaza mafuta. Siku injini zilipopata nguvu, mji ukarukwa. Maendeleo ya chombo kimoja yanaweza kuwa upweke wa mji mzima.

Vita Kuu ya Pili ikaja, ikapita. Tarehe 10 Novemba 1945 huduma ya pamoja ya Waingereza na Waafrika ya Kusini ilianza kati ya Uingereza na Johannesburg, kwa ndege aina ya York zilizotokana na ndege za vita. Zilipitia Tripoli, Cairo, Khartoum na Nairobi. Safari ikashuka hadi siku tatu hivi.

Kisha ikafika siku ambayo dunia nzima ilishika saa mkononi. Tarehe 2 Mei 1952, ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London ikiwa na abiria 36. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya abiria wanaolipa nauli kwa ndege ya jeti katika ratiba ya kawaida. Na njia iliyochaguliwa haikuwa ya kwenda New York. Ilikuwa ya kuja Afrika, kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone hadi Johannesburg. Kwa vituo hivyo umbali ulikuwa kilomita zipatazo 10,800, na safari yote, pamoja na kutua na kujaza mafuta, ilichukua chini ya saa 24. Siku 45 zilikuwa zimekuwa siku moja, katika miaka 32 tu.

Furaha haikudumu. Ndege ileile iliyofanya safari ile ya kwanza iliangukia baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Tarehe 8 Aprili mwaka huohuo, Comet nyingine iliyokuwa ikisafiri kutoka Rome kuelekea Cairo na Johannesburg ikaanguka karibu na Naples, wakafa watu 21. Wataalamu wa Uingereza walichukua ndege nyingine ya aina hiyo, wakaizamisha katika tangi la maji, wakawa wanaisukuma na kuilegeza kwa maji mara maelfu, mpaka bati lake likapasuka. Ikajulikana kwamba ngozi ya ndege huchoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi ukakatika. Kila ndege tunayopanda leo imejengwa kwa somo lile. Saa tulizopunguza zililipiwa na watu.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya sitini, jeti imara zaidi zilikuwa njiani, na muda ukawa unazidi kushuka. Kwa hesabu ya mafundi, hakukuwa tena na kizuizi. Hapo ndipo kilipotokea kizuizi kisichotengenezwa na fundi yeyote.

Mwezi Mei 1963, viongozi wa nchi huru za Afrika walikutana Addis Ababa na kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU. Miongoni mwa maazimio yao juu ya utawala wa ubaguzi wa rangi wa Afrika ya Kusini na juu ya ukoloni wa Ureno, walitaka ndege za serikali hizo mbili zisiruhusiwe kupita katika anga za nchi za Afrika. Si kutua tu. Hata kupita juu. Kufikia Agosti mwaka huohuo, shirika la ndege la Afrika ya Kusini lilikuwa halina njia ya kupita katikati ya bara.

Wasikilizaji, hebu turudi kwenye chungwa letu. Uzi wa kutoka Johannesburg hadi London unapita juu ya tumbo la Afrika. Sasa ukiambiwa usiguse tumbo hilo, utapita wapi? Utakwenda magharibi hadi baharini, uzunguke nundu ya Afrika ya Magharibi yote, utue katikati ya bahari ya Atlantiki, kisha upande juu hadi Ulaya. Ndivyo walivyofanya. Walipitia Luanda, iliyokuwa bado mikononi mwa Wareno, na kisiwa cha Sal katika Cape Verde, nacho cha Wareno. Kutoka Johannesburg hadi Sal peke yake ni zaidi ya kilomita 7,000. Kutoka Sal hadi London ni zaidi ya 4,000. Jumla ni kilomita 11,000 na ushei, badala ya 9,000 na kidogo. Kilomita kama 2,000 za ziada, kila safari, kwenda na kurudi, kwa mafuta ya kulipia na marubani wa kulipia.

Huo ndio umbali aliokuwa akiukumbuka mzee wa Kariakoo. Uliwekwa na azimio, wala haukuwekwa na Mwenyezi Mungu.

Ureno ilipoanguka, mambo yakazidi kukaza. Angola ilipata uhuru Novemba 1975, na kituo cha Luanda kikafungwa kwa Makaburu. Serikali yao ikanunua ndege aina ya Boeing 747SP, fupi kwa umbo lakini yenye kwenda mbali mno bila kutua. Machi 1976 ndege yao ya kwanza ya aina hiyo iliruka kutoka kiwandani, katika jimbo la Washington, Marekani, hadi Cape Town bila kusimama popote, kilomita 16,560, kwa saa 17 na dakika 22. Magazeti ya ulimwengu yaliisifu kwa kuvunja rekodi. Tuseme ukweli, ilikuwa rekodi nzuri ya ufundi. Lakini ilikuwa pia picha ya mtu aliyefungiwa milango na majirani wote, akalazimika kununua ngazi ndefu kuliko zote mtaani.

Je, hatua ile ya Afrika ilikuwa na nguvu kiasi gani? Hapa sitaki tujipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Ilikuwa na matundu. Malawi ya Dakta Hastings Banda ilifungua uhusiano wa kibalozi na Pretoria mwaka 1967. Cape Verde yenyewe, ilipopata uhuru mwaka 1975, iliendelea kuruhusu ndege zile zitue Sal, kwa kuwa nchi ilikuwa maskini na ada za uwanja ule zilikuwa riziki yake. Na mashirika ya Ulaya yaliendelea kuruka juu ya bara letu na kutua Johannesburg kama kawaida, kwa sababu katazo liliihusu ndege ya Afrika ya Kusini, halikumhusu abiria. Aliyetaka njia fupi alipanda ndege ya Mzungu mwingine.

Kwa hiyo anga lililofungwa peke yake halikuung'oa ubaguzi. Waliouangusha ni watu waliokufa Sharpeville na Soweto, waliofungwa kisiwani Robben, waliopiga kambi Kongwa na Morogoro, na wale waliogoma viwandani. Lakini nchi maskini, ambazo nyingine zilikuwa na umri wa mwaka mmoja au miwili tu, zilikuwa na kitu kimoja ambacho tajiri alikihitaji: hewa iliyo juu ya vichwa vyao. Ziliikatalia. Zilikosa ada na zilikosa biashara, lakini zilimfanya mwenye ubaguzi alipe kilomita 2,000 kila safari kwa miaka karibu 28. Na mwaka 1986 Marekani nayo ikaliondolea shirika lile haki ya kutua kwake. Kuanzia mwaka 1991, ubaguzi ulipokuwa unaelekea kaburini, anga za Afrika zikaanza kufunguka, na uzi ukanyooka.

Sasa msije mkadhani kwamba silaha ya anga hutumika kwa haki siku zote. Sisi wenyewe wa Afrika ya Mashariki tuligeuziana. Kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 670, safari ya saa moja na robo hivi kwa jeti. Tulikuwa na shirika moja la ndege la pamoja, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kufikia kumiliki jeti kubwa za kwenda Ulaya. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika hilo likafa kwa ugomvi wa madeni na siasa, Jumuiya ikafa, na Februari mwaka huo mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Mpaka ulikaa umefungwa hadi Novemba 1983. Katika miaka hiyo, mtu aliyetaka kusafiri kihalali kwa ndege kati ya miji hii miwili ndugu ilimbidi kuzungukia nchi ya tatu. Nairobi haikuwa imesogea. Sisi ndio tuliokuwa tumesogea mbali.

Na hata leo mambo hayo hayajaisha. Mapigano yalipozuka Sudan Aprili 2023, anga la nchi hiyo kubwa likafungwa kwa ndege za abiria, na ndege za kati ya Nairobi na Ulaya zikalazimika kupinda. Kabla ya hapo, mwaka 2022, anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya kwa sababu ya vita vya Ukraine, safari ya kutoka Helsinki, Finland, hadi Tokyo, Japani, iliyokuwa ya saa 9 hivi, ikawa ya saa 13. Ndege zilikuwa za kisasa kuliko zote na marubani walikuwa hodari. Ruhusa ndiyo iliyokosekana.

Nami nitoe la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa Accra, Ghana, kwenye mafunzo ya watangazaji. Ukivuta uzi wako kutoka Dar es Salaam hadi Accra unapata kilomita 4,600 hivi, sawa na saa tano au sita. Tiketi niliyokatiwa ilinipitisha Dubai. Dar es Salaam hadi Dubai, halafu Dubai hadi Accra: zaidi ya kilomita 10,000. Nilitoka nyumbani kwenda kwa jirani kwa kupitia mtaa wa tatu ng'ambo ya mto. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa vitenge, akaniambia, "Baba, ndege inakwenda haraka, sisi ndio tunaochelewa." Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo kutoka kwa mtaalamu yeyote.

Wakubwa wetu wanalijua tatizo hili. Walikubaliana Yamoussoukro, Ivory Coast, mwaka 1999, kwamba nchi za Afrika zifunguliane anga kwa mashirika yao. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua soko moja la usafiri wa anga, nchi 23 zikaanza nalo. Siku hizi mtu anaweza kuunganisha kupitia Addis Ababa, Nairobi au Kigali, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kutoka kwenye saini hadi kwenye ratiba ni safari nyingine, na nchi nyingi bado zinalinda anga zao dhidi ya ndugu kwa bidii kuliko zilivyolilinda dhidi ya Makaburu. Mwaka 1963 tulijua kufunga kwa pamoja. Kufungua kwa pamoja kumetushinda zaidi ya nusu karne. Kwa nini? Swali hilo nawaachia.

Nimalizie kwa safari moja ambayo haimo katika ratiba yoyote.

Mwaka 1960, baada ya mauaji ya Sharpeville, chama cha ANC kilimtuma nje Oliver Tambo ili asauti dunia ikasikia. Alivuka mpaka kwa siri akaingia Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, akaendelea hadi Dar es Salaam, kisha akaenda London. Miaka miwili baadaye Nelson Mandela naye alipita kwa siri njia hiyo ya Bechuanaland, na ndege ndogo iliyomchukua ikatua Mbeya, mji uleule uliokuwa kituo cha ndege za London mwaka 1932. Mandela alirudi kwao akakamatwa. Tambo alibaki nje. Familia yake ilikaa London, yeye akazunguka Lusaka, Morogoro na dunia nzima akiomba msaada. Kwa jeti, nyumbani kwao palikuwa safari ya usiku mmoja. Lakini kwake yeye London na Johannesburg hazikutenganishwa na saa 11, wala na saa za kuzunguka Sal. Alirudi Desemba 1990, akiwa mzee na mgonjwa, baada ya miaka 30.

Mwaka 2006 uwanja mkuu wa ndege wa Johannesburg ulipewa jina lake. Kwa hiyo kila abiria anayetoka London leo, na kusema ametua baada ya saa 11, anatua juu ya jina la mtu ambaye safari hiyohiyo ilimchukua miaka 30.

Basi mzee wangu wa Kariakoo, nawe kijana wangu, hukumu yangu ndiyo hiyo. Kijana ameshinda kwa saa ya ukutani. Mzee ameshinda kwa kalenda. Kahawa ya wote wawili nitailipia mimi.

Tukijaaliwa, tukutane tena wiki ijayo wakati kama huu.